Mwaka na miezi minne kwenye kwaya, bado natoka nje ya ufunguo. Niendelee ama niwaachie wenye sauti?

Fundi_wa_Mageti · Kisumu · Juni, Jumapili saa 3:40 usiku

Salamu kwenu nyote. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi wa mageti na madirisha, kibanda changu hakiko mbali na soko la Kibuye. Nina miaka 42 na watoto watatu. Mwaka jana mwezi wa pili nilijiunga na kwaya ya parokia, nikawekwa sauti ya nne, yaani besi, ile ya chini kabisa. Sikujiunga kwa kuwa najua kuimba. Tulikuwa tunamzika mama kule Seme, na usiku wa mkesha, wageni wamesinzia kwenye viti vya plastiki na jenereta inakohoa, wanaume wanne wa besi waliendelea kuimba bila kinanda. Tangu asubuhi sikuwa nimetoa chozi. Ile sauti yao ya chini ndiyo iliyonifungua. Nikajiambia, hawa watu wamenifanyia kitu, na mimi siku moja nimfanyie mwingine.

Sasa historia yangu na kuimba. Nikiwa darasa la sita shule yetu ilikuwa inajiandaa kwa tamasha za muziki. Mwalimu akapita katikati ya mistari akitega sikio, mtoto mmoja mmoja, akasimama mbele yangu. Akasema: "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Nikafungua mdomo hadi ngazi ya mkoa. Cheti bado kiko nyumbani, nilipewa kwa kuimba bila kuimba.

Mazoezi yetu ni Jumatano na Jumamosi. Siendi mkono mtupu, Jumapili mchana najifungia chumbani naimba saa mbili nzima mpaka sauti inakauka. Najirekodi kwa simu, nasikiliza, nafuta kabla mama watoto hajasikia. Yule mtu aliye ndani ya simu simtambui.

Leo kwenye misa ya pili, wimbo wa matoleo, ubeti wa pili, nikajikuta niko kwenye noti ya tenori aliyesimama kando yangu. Nilijua. Nikajaribu kurudi, nikatua mahali ambapo hapakuwa pa tenori wala pa besi. Mwalimu wa kwaya hakusema kitu, alinitupia jicho tu. Mwaka mmoja na miezi minne! Kijana aliyeingia Januari tayari anashika wimbo mpya kwa siku moja.

Nambieni ukweli. Kuna watu hawakupewa hii kitu?

Kichwa_Ngumu · Juni, Jumapili saa 3:55 usiku

Mzee, kuimba ni kipawa. Mbuzi hafundishwi kulia kama ng'ombe. Hamia kwa kina baba wa kupanga viti, huko hakuna ufunguo.

Nyar_Dunga · Kisumu · Juni, Jumapili saa 4:20 usiku

Kichwa_Ngumu, wewe nani alikuuliza.

Omera, usimsikize huyo. Mimi nauza samaki huku Dunga na siko kwenye kwaya yoyote, lakini kuna kitu nataka uwaze. Dholuo ni lugha ya toni. Neno ukilipandisha linasema hili, ukilishusha linasema lile, na wewe umeongea hivyo tangu unyonye. Kama masikio yako yangekuwa yamekufa, ungeongeaje na mamako?

Konda_Mstaafu · Juni, Jumapili saa 4:31 usiku

Mimi nilipiga kelele mlangoni mwa matatu miaka 19, sauti yangu ikabaki Kondele. Nafuatilia uzi kwa makini.

Mwalimu_wa_Solfa · Nakuru · Juni, Jumatatu saa 12:15 asubuhi

Fundi, pole kwa mama, na hongera kwa kubaki kwenye mstari. Nimefundisha kwaya hapa Nakuru zaidi ya miaka 20, mashuleni na makanisani, na watu wa aina yako nimewapokea wengi. Niruhusu niende polepole.

Wapo watu ambao kweli ubongo wao hautofautishi noti. Ni wachache, hawafiki 5 kwa kila 100. Baadhi yao husema wakisikia muziki ni kama sufuria zinagongana. Mtu kama huyo akitoka nje ya ufunguo kwa kawaida hajui. Wewe umeandika mwenyewe: "Nilijua." Sentensi hiyo moja imekutoa kwenye kundi hilo, na sihitaji hata kukusikia ukiimba.

Nyar_Dunga, hoja yako ni tamu lakini ina tundu. Toni za maneno hupanda na kushuka kwa hatua pana, wakati kutoka mi kwenda fa ni nusu hatua tu. Wapo Wachina wanaoongea lugha yao ya toni bila shida na bado noti za wimbo zinawapita. Kwa hiyo lugha pekee haimtetei Fundi. Kinachomtetea ni lile neno lake.

Tatizo lako, kwa maelezo uliyotoa, liko kati ya sikio na koo. Nyuzi za sauti za mwanaume zina urefu wa kama sentimita mbili. Ukiimba noti ya kawaida ya besi zinagongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Huzioni, huzishiki. Wewe kona ya geti ikienda upande unaweka skwea unaona. Mwimbaji hana skwea, anakisia, anasikia amekosea, anakisia tena. Ndiyo maana ufundi huu unachelewa kuliko wako, na ndiyo maana yule kijana wa Januari hakusumbui akili yangu hata kidogo. Ukimuuliza vizuri utakuta alilelewa nyumba yenye kinanda au alikuwa mtoto wa kwaya tangu chekechea. Hajakushinda kwa miezi mitano.

Sasa lawama. Saa mbili Jumapili moja ni makosa. Unaimba hadi sauti ikauke, kisha siku sita koo linasahau. Chukua dakika 10 kila siku, asubuhi kabla ya kazi. Besi hushuka kwa urahisi asubuhi kwa sababu nyuzi zimevimba kidogo baada ya usingizi, tumia bahati hiyo. Anza kwa kutetemesha midomo kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea, brrrr, juu na chini. Halafu doh, re, mi, basi. Wiki mbili usiguse fa.

Na usijilinganishe na kinanda kwa sasa. Mwombe mmoja wa wale wazee wa besi akurekodie noti hizo tatu kwa sauti yake, nawe umfuate. Waanzaji wengi hukamata sauti ya binadamu kwa urahisi kuliko ya chombo. Awe mwanaume, asiwe mwalimu wa kike wala mtoto, maana hao watakuimbia oktavu ya juu nawe utahangaika kupanda bila sababu.

La mwisho limeniuma. Unafuta ulichorekodi! Kila mtu husikia sauti yake kupitia mifupa ya kichwa pamoja na hewa, kwa hiyo simu inapokuletea ile ya hewa peke yake unadhani ni mgeni. Huyo mgeni ndiye sisi wengine tunamjua, hata mkeo ndiye aliyemkubali. Mwaka mzima umekuwa ukifuta ushahidi, halafu unatuuliza kama kuna maendeleo. Tutapimaje?

Fundi_wa_Mageti · Kisumu · Juni, Jumatatu saa 1:30 usiku

Mwalimu nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi.

Kuhusu sikio, umenikumbusha kitu. Kwa kibanda nikiwa nimevaa kofia ya kuchomelea sioni sana, lakini rodi ikichoma vizuri husikika kama samaki anakaangwa, mfululizo. Umbali ukizidi inaanza kutapika, prak, prak. Kijana wangu akiwa nyuma na grinda najua kwa mlio kama ameikandamiza sana, inashuka. Huwa nampigia kelele bila kugeuka.

Sikuwahi kuliita hilo sikio la muziki.

Muuguzi_wa_Zamu · Kakamega · Juni, Jumatatu saa 3:05 usiku

Huyo anayempigia kelele kijana juu ya grinda ndiye ninayemtafuta. Fundi, kutwa nzima unaongea ukishindana na mashine. Mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kujua, kila mtu hufanya hivyo. Jumatano saa kumi na mbili jioni unafika mazoezini ukiwa umeshaimba, ila wimbo ulikuwa "Leta bomba! Si hilo!"

Ongeza moshi wa rodi. Moshi huo unakera koo na mapafu, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Geuza kibanda upepo ukutoe moshi usoni, na kama unaweza pata ile barakoa yenye vichujio. Masikio pia, wataalamu huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mpaka wa usalama na grinda hupita hapo. Vizibo vya masikio ni bei ya soda. Utaongeaje na kijana? Tumieni ishara kama wavuvi.

Kunywa maji mapema, tangu asubuhi. Wengi wanakunywa chupa nzima dakika moja kabla ya kuimba wakidhani wanaosha nyuzi. Maji yanapita njia ya chakula, kwenye nyuzi hayagusi. Yanafika huko kwa kuzunguka mwilini, na hilo huchukua muda.

Na sauti ikikauka ikapita wiki 3 bila kurudi, hiyo si ya tangawizi na asali tena. Muone daktari wa masikio, pua na koo, achungulie.

Kichwa_Ngumu · Juni, Jumatatu saa 3:20 usiku

Haya, sasa kuimba kumekuwa hospitali. Zamani watu waliimba tu.

Mwana_wa_Isukha · Juni, Jumatatu saa 3:48 usiku

Kichwa_Ngumu leo umesema kweli bila kukusudia. Zamani watu waliimba tu. Huku kwetu isukuti ikilia, mmoja anaita na uwanja mzima unajibu, mama mwenye sauti ya bati na babu asiye na meno wote ndani. Hakuna aliyepita katikati ya mistari akinyamazisha watu. Na ile ngoma UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, kwa sababu wanaoijua wanazeeka na vijana hawaingii. Tukiendelea kuambiana fungua mdomo usitoe sauti, tutabaki na spika tu.

Mwalimu_wa_Solfa · Nakuru · Juni, Jumanne saa 12:20 asubuhi

Nimwongezee Mwana wa Isukha. Hata hii solfa tunayoitumia, kuandika noti kwa doh, re, mi, haikutungiwa wenye vipawa. Mwalimu mmoja wa kike huko Uingereza, Sarah Glover, ndiye aliyeianzisha, kisha mchungaji John Curwen akaichukua katika karne ya 19 na kuieneza kwa wafanyakazi na watoto wa shule za Jumapili, watu wasio na fedha za piano wala muda wa kusoma noti za mistari. Wamisionari wakaja nayo huku. Fundi, ile karatasi iliyoandikwa "Doh ni G" unayoishika kila Jumatano ilitengenezewa mtu wa kibandani.

(Tamasha za muziki za shule nazo ni za tangu 1927, na nazipenda sana. Ila cheti kimetufanya wengine wetu walimu kuwa makatili. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtoto maneno yale yale. Nilikuwa na miaka 25. Sijui yuko wapi.)

Nyar_Dunga · Kisumu · Juni, Jumanne saa 7:10 mchana

Mwalimu umenyamazisha uzi mzima na hayo mabano.

Konda_Mstaafu · Juni, Jumanne saa 2:00 usiku

Swali la pesa. Kuna mwalimu hapa mjini aliniambia shilingi 1,000 kwa saa. Na kuna programu ya simu ya bure yenye mshale, ukiimba unakuonyesha uko juu au chini. Fundi anunue nini?

Mwalimu_wa_Solfa · Nakuru · Juni, Jumanne saa 2:45 usiku

Mshale ni mzuri ukishika noti moja ndefu, ukitaka kujua kama unateleza. Ukiufuata wimbo mzima utaimba kwa macho. Mwalimu wa kulipwa, saa moja kwa mwezi inatosha kukuonyesha kosa usilolijua, mengine ni dakika zako 10. Asiye na 1,000 asikae nje akilia, yuko na wazee wanne wa besi bure.

Fundi_wa_Mageti · Kisumu · Julai, Jumamosi saa 4:10 usiku

Narudi na ripoti, wiki ya tano.

Nimefanya dakika 10 siku 29 kati ya 35. Siku sita nilikuwa na kazi ya geti la shule, nikarudi usiku wa manane. Naimba bafuni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jirani aliniuliza kama kuna mtu mgonjwa.

Mzee mmoja wa besi alinirekodia doh, re, mi. Jaduong' ana miaka 71, hakuniuliza kwa nini, aliinama kwenye simu akaimba kama anabariki kitu. Mwalimu wetu wa kwaya naye nilimwomba anitoe kando ya tenori, sasa nasimama katikati ya wazee wawili.

Maendeleo? Kwa kweli mimi sioni. Lakini wiki ya tatu kulitokea jambo ambalo nataka Mwalimu anieleze. Tulikuwa tumeshika noti ya mwisho, ndefu, nami nikawa nasikia kitu kinatikisika kati yangu na mzee wa kushoto, wou-wou-wou. Nikashuka kidogo sana, ule mtikisiko ukapungua, wou... wou... kisha ukapotea. Na sauti yangu ikapotea nayo. Nilidhani imekatika. Nikaweka mkono kifuani, nikakuta kifua kinatetemeka, naimba. Sikuisikia tu.

Nikarudi nyumbani na hofu.

Mwalimu_wa_Solfa · Nakuru · Julai, Jumamosi saa 4:25 usiku

Nimesoma hii nikasimama. Bibi ameniuliza nini.

Fundi, kwa kibanda mkiwasha grinda mbili ambazo mwendo wake umekaribiana bila kulingana, husikii mlio mmoja unaovimba na kunywea?

Fundi_wa_Mageti · Kisumu · Julai, Jumamosi saa 4:27 usiku

Kila siku.

Mwalimu_wa_Solfa · Nakuru · Julai, Jumamosi saa 4:41 usiku

Ndiyo hiyo hiyo. Mzee wako akiwa kwenye mitetemo 110 kwa sekunde nawe uko 113, tofauti ni 3, kwa hiyo utasikia mavimbe matatu kila sekunde. Ukishuka hadi 111 linabaki moja. Ukifika 110 hakuna kitu cha kuvimba, sauti mbili zimekuwa moja. Haikukatika. Ulikuwa umempata, na sikio lako likakosa pa kukutenganisha naye.

Uliniambia mwimbaji hana skwea? Hapana, mimi ndiye niliyesema. Nafuta maneno yangu, umeipata.

Nyar_Dunga · Kisumu · Julai, Jumamosi saa 4:50 usiku

Mayo! Nimesoma hapa nikapata baridi, na Kisumu hii hakuna baridi.

Kichwa_Ngumu · Julai, Jumapili saa 1:15 asubuhi

Hiyo ya mavimbe nimejaribu na jenereta ya jirani. Ni kweli.

Fundi_wa_Mageti · Kisumu · Agosti, Alhamisi saa 3:30 usiku

Naona nimewaangusha. Sijaenda mazoezi wiki mbili.

Kuna wimbo besi ndiyo inaanza peke yake, vipimo vinne, ndipo wengine wanaingia. Wazee wawili walikuwa safarini. Mwalimu wetu akasema Fundi ashike. Nikaingia kabla ya wakati, na nikaingia juu, sauti ikapasuka kama bati linakatwa. Soprano wakacheka. Si kwa ubaya, hata mimi ningecheka. Lakini usiku nilikuwa nasikia kile kicheko mpaka alfajiri, na chini yake kuna sauti ya yule mwalimu wa darasa la sita.

Na kitu kingine, naona kama nimezidi kuwa mbaya. Zamani nilikuwa natoka nje ya ufunguo mara moja moja. Siku hizi kila mstari nasikia makosa matatu, manne.

Mama_wa_Webuye · Bungoma · Agosti, Alhamisi saa 4:15 usiku

Mulembe Fundi. Nimekuwa nikisoma tu tangu Juni, sasa acha nami niseme.

Mimi nilianza alto nikiwa na miaka 51, baada ya kitinda mimba kwenda chuo na nyumba kubaki na kuku. Miezi sita ya kwanza nilikuwa na raha sana, nikajiona naimba. Mwezi wa saba nikaanza kujichukia. Kila noti nilisikia imepinda. Nikamwambia mwenyekiti wa kwaya natoka, sauti yangu imeharibika. Akaniuliza, "Mama, imeharibika lini, mbona sisi tumekusikia vile vile?"

Hapo ndipo nilielewa. Sauti ilikuwa vile vile. Sikio ndilo lilikuwa limekua. Mwanzo nilikosea mara nne nikasikia moja, sasa nilikosea mara tatu nikasikia zote tatu. Sikio hutangulia, koo linakuja nyuma likiburuta miguu, na katikati yao ndipo watu wengi huachia. Wanaachia wakati wamefika mbali, kwa sababu wanapaona walipofika ni pabaya kuliko walipotoka.

Miaka minane sasa. Siongozi alto, na wala sitaongoza. Juu ya la bado nabana koo, kila mtu pale anajua, nikifika huko nafungua mdomo na kuwaachia wenzangu noti mbili, kisha narudi. Tofauti na wewe ni kwamba mimi hakuna aliyeniamuru.

Kile kicheko cha soprano, wacha. Soprano hucheka. Ni kazi yao wakisubiri zamu.

Konda_Mstaafu · Agosti, Alhamisi saa 4:22 usiku

Niliingia kwaya wiki jana kwa sababu ya huu uzi. Msiponiona mtandaoni, mjue nimenyamazishwa.

Fundi_wa_Mageti · Kisumu · Agosti, Jumapili saa 2:50 usiku

Mama, ero kamano. Jumamosi nilirudi. Hakuna aliyesema kitu, mzee alisogea kidogo akaniachia nafasi yangu.

Sasa sikilizeni yaliyotokea leo. Shemeji yangu, dada ya mama watoto, amekuja kutoka Mumias. Tumekula, tunakunywa chai, simu yake ikalia. Mlio ni mwanaume anaimba. Anaimba wimbo wetu wa matoleo, ule ule wa Juni, na anaimba kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Anaanza vizuri kiasi. Mstari wa pili ameshuka. Kufika mstari wa nne amehamia ufunguo mwingine kabisa, karibu noti nzima chini, na wala hana habari, anaendelea kwa furaha.

Nikauliza, nani huyo?

Watoto wakaanguka chini kwa kucheka. Mama watoto akainuka akasema anaenda kuangalia maziwa. Hatuna maziwa jikoni.

Kumbe Machi mwaka jana, kabla sijafuta, alimtumia dada yake kwa WhatsApp. Na shemeji akaifanya mlio wa simu. Mwaka mmoja na nusu wanawake wa soko la Mumias wananisikia kila akipigiwa simu!

Nilikasirika dakika kama tano. Halafu nikamwambia aicheze tena. Nikachukua simu yangu, nikaenda nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji, nikaimba ubeti ule ule mara moja tu, bila kurudia, nikarekodi. Nikarudi tukaweka simu mbili mezani, moja baada ya nyingine.

Mpya nayo haikukaa kikamilifu. Mstari wa tatu mi iko chini, nilisikia hata kabla mtoto hajacheka. Na sauti bado ina ukwaruzo wa moshi. Lakini mstari wa nne niliishia pale pale nilipoanzia. Binti yangu wa miaka tisa akasema, "Baba, huyu wa kwanza ni nani?"

Nyar_Dunga · Kisumu · Agosti, Jumapili saa 2:58 usiku

Shemeji apewe mbuta mzima, mimi nitamkatia bei.

Mwalimu_wa_Solfa · Nakuru · Agosti, Jumapili saa 3:10 usiku

Ushahidi umepatikana Mumias. Ziweke zote mbili hapa tusikie.

Fundi_wa_Mageti · Kisumu · Agosti, Jumapili saa 3:14 usiku

Mwalimu, wacha. Mumias wanatosha.

Kichwa_Ngumu · Agosti, Jumapili saa 3:30 usiku

Fundi, hiyo ya kutetemesha midomo, brrrr, inafanywa kabla ya chai ama baada? Nauliza kwa niaba ya mtu.

Fundi_wa_Mageti · Kisumu · Agosti, Jumapili saa 3:36 usiku

Kabla. Baada ya chai unamwagia watu. Mwambie huyo mtu besi tuna nafasi mbili, mazoezi Jumatano saa kumi na mbili jioni, aje na kalamu ya risasi.

Shemeji amekataa kubadilisha mlio. Nimempa ule mpya, amesema hauchekeshi.